Darasa la Kiingereza la tableti hapa Malindi: tableti nyota mbili, voisi noti nyota tano

Washaniuliza watu kibao inboksi, hili darasa la Kiingereza la tableti hapa Malindi liko vipi, yafaa kulipa ama ni kutupa pesa, basi naandika mara moja nimalize. Jina la mahali sitaji maana nna ya kusifu na nna ya kulalamika, na mwenyewe ni mtu wa hapahapa twakutana naye sokoni, lakini wa Malindi mtapajua tu, ni ghorofani juu ya duka la vifaa vya simu, ngazi zimebana ukipishana na mtu lazima mmoja wenu arudi chini.

Mie niko risepsheni kwenye gesti moja upande wa Casuarina. Masika yakianza, Aprili mpaka Juni hivi, kusi lavuma, bahari yachafuka, hoteli nyingi zafunga na sisi twaambiwa nendeni nyumbani tutawapigia. Ndo hapo hawa jamaa wakatoa tangazo lao, shilingi 3,000 kwa mwezi, jioni tatu kwa wiki, kila mwanafunzi na tableti yake. Wengi tukaingia. Kulikuwa na makapteni wa mashua za marine park, mahauskipa, kijana wa tuktuk anayepeleka wageni Gede, mama mmoja auza vikoi ufuoni, na wengine kama mie wa mezani ambao Kiingereza cha kuandika twakiweza lakini mgeni akikitoa kwa haraka twabaki kutabasamu.

Sasa ambaye si wa hapa lazima aelewe mji wenyewe. Malindi kila mtu ana Kiitaliano chake. Waitaliano walikuja na mambo yao ya roketi kule Ngomeni miaka ya sitini, kituo cha San Marco, 1967 wakarusha setilaiti yao kutoka jukwaa la baharini, na 12 Desemba 1970 ikarushwa palepale ile ya Wamarekani, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya kumbukumbu ya uhuru wetu. Baadaye wakaja watalii, wakaja wa kujenga nyumba, wakaja wa pitsa na aiskrimu, na mpaka leo ukipita barabara ya ufuoni wasikia vijana wapiga domo kwa Kiitaliano utadhani wamezaliwa Roma. Na hakuna hata mmoja aliyekisomea. Bichi boi hawezi kukiandika hata ukimpa kalamu ya dhahabu, lakini atakupigia stori nusu saa, atakuuzia safari, atakuomba msamaha mashua ikichelewa, yote kwa mdomo. Kiingereza sasa ndo kichekesho, tumesomeshwa toka darasa la kwanza, tumefanyia mitihani, wengine na alama nzuri walipata, kisha Mjerumani akiuliza swali la pili, lile ambalo hukulitarajia, twatizamana. Na siku hizi si Waitaliano peke yao, kuna Wajerumani, kuna Wapolandi, kuna watu wa Nairobi wikendi, na bukingi zote zaja onlaini kwa Kiingereza. Mie nlipanda zile ngazi nikitaka kujua kitu kimoja tu, hawa na mashine zao wametatua hilo la mdomo, ama wametuuzia shule ileile kwa skrini.

Tableti basi. Ni zile za bei nafuu, mbili tatu zimepasuka kioo kwenye kona lakini zafanya kazi, chaji yakaa. Tatizo ni kilichomo ndani. Yatokea picha, chini yake maneno manne, wagonga lililo sawa. Ukipata yalia ting na nyota yaruka, ukikosa yatoa mlio mbaya hivi mpaka jirani ajua umekosa. Picha zenyewe ni tufaha, treni, mtu wa theluji. Wallahi mtu wa theluji! Kuna kapteni darasani ndevu zote nyeupe, mtu amevuka mpaka Lamu na kurudi kwa tanga enzi za ujana wake, amekaa na hedifoni masikioni anagonga kofia ya mtu wa theluji. Chumba kizima kimya, wasikia feni tu na vidole. Wiki za mwanzo sikumsikia mtu akifungua mdomo kwa Kiingereza humo ndani isipokuwa kuomba chaja.

Na hizo hedifoni ni za kushirikiana, sifongo zimeanza kumenyeka, tena ni zile za kubana kichwa, sisi tunaojifunga mtandio zatusumbua, wateleza kila ukigeuka. Nliwaambia wanunue za kuchomeka sikioni kila mtu aje na zake, wakasema watafikiria. Stima ikipotea, na Malindi mwaijua, waifai yaenda nayo na mazoezi yote yakwama kwa vile yakaa mtandaoni, hawajayapakua. Hilo ni uvivu tu kwa maoni yangu, maana tableti ina nafasi ya kutosha, ungeyashusha usiku bando ikiwa rahisi na mambo yakaisha. Juu ya hayo kuna shilingi 500 za "kuhudumia tableti" kila mwezi ambazo hazikuwemo kwenye tangazo. Niliuliza zahudumia nini na kioo kimepasuka toka tumeingia, nikaambiwa nimwone mwenyewe, mwenyewe naye yuko Mombasa.

Ndani ya tableti kuna pia ile programu ya kusikiliza matamshi. Yakusemea sentensi, warudia, kisha yapaka rangi, kijani umepata, nyekundu umekosa. Wazo si baya. Lakini Kiswahili chetu kina irabu tano tu, a e i o u, Kiingereza cha Waingereza wataalamu wahesabu sauti za irabu kama ishirini hivi, kwa hivyo maneno ambayo kwao ni mbalimbali sikio letu layasikia kitu kimoja. Kuna hauskipa mmoja, dada mpole sana, kila siku lazima amwambie mgeni kwamba amekuja kubadilisha shuka, na shuka kwa Kiingereza ukiikata sauti ikawa fupi wapata tusi. Programu ikampa nyekundu, nyekundu, nyekundu, mpaka akavua hedifoni akasema basi mie nitakuwa naonyesha kwa mkono. Yaani mashine yajua umekosa lakini haijui kukwambia mdomo uuweke vipi.

Hapo ndo nlianza kumpenda ticha. Ni dada wa Kilifi, sauti ndogo, hana makuu. Akamwambia, "Dadangu, funga hiyo, toa simu yako, fungua kamera ya selfi." Dada akafungua. "Cheka kama wapigwa picha ya harusi, sasa vuta sauti, usiiachie." Akavuta. "Haya, legeza midomo, iangushe, kata hapohapo. Umeona midomo ilivyobadilika? La kwanza ndo la shuka, la pili usiliseme mbele ya mgeni." Darasa zima tulicheka na ile jioni kila mtu alikuwa ajitazama kwenye simu akivuta midomo. Kamera ya selfi, kitu ambacho kila mmoja wetu anacho mfukoni, na kazi imefanyika dakika kumi.

Jingine alilotufundisha ambalo ni bure na nawashauri mlijaribu hata msipojiunga, ni ile maiki ya kwenye kibodi ya simu. Badala ya kuchapa waongea, yenyewe yaandika. Nenda kwenye setingi za lugha, kibodi ya Google ina Kiingereza cha Kenya na kuna cha Uingereza pia. Anza na cha Kenya maana kimezoea masikio ya huku, sema sentensi yako ya kazini, tazama imeandika nini. Ikiandika ulichosema, hamia cha Uingereza urudie. Kapteni wetu wa ndevu alisema habari ya maji kujaa na kupwa, simu ikaandika mambo ya mtu aliyechoka. Akairudia mpaka ikasalimu amri. Hakuna nyota hapo wala mlio, waona mwenyewe mgeni angesikia nini, na hilo lauma kuliko ile nyekundu ya tableti, lakini lakufunza.

Sasa nije kwenye voisi noti, maana kama si hizo mie ningekuwa nishadai pesa yangu.

Ticha ana grupu ya WhatsApp ya darasa. Kila usiku baada ya isha atuma voisi moja yeye mwenyewe akijifanya mgeni. Masharti ni kwamba wajibu kwa sauti, si kwa kuandika, na ukishatuma hufuti. Swali la kwanza kabisa lilikuwa hili, mgeni asema mtandaoni niliona bahari ya bluu, nimefika naona maji ya kahawia, mbona? Jamani kila anayefanya kazi na wageni Malindi ashaulizwa hilo swali na kila mtu hubabaika, maana mgeni adhani ni uchafu wa choo. Na jibu twalijua, ni mto Sabaki, mvua zikinyesha bara mto waja na udongo wote wa huko, toka Athi kule Nairobi, wapita Tsavo ukiitwa Galana, waja kumwaga hapa kaskazini ya mji. Kwa Kiswahili twalieleza tukiwa tumelala. Kwa Kiingereza usiku ule grupu ilikaa kimya nusu saa nzima, waona tu mtu aonyesha anarekodi, aacha, anarekodi, aacha.

Aliyevunja ukimya ni kapteni. Sarufi hamna, wakati uliopo na uliopita vimechanganyika, lakini alisema mto, alisema mvua, alisema udongo mwekundu wa shamba la watu, alisema nenda kusini Watamu maji ni mazuri, mimi nakupeleka. Na bei akaitaja! Mgeni gani hangeelewa? Baada yake tukamiminika wote.

Anavyosahihisha ndo kunanifurahisha. Hasemi umekosa hapa na hapa. Achukua sentensi yako aisema tena ikiwa imenyooka, kwa sauti, kama wazungumza naye tu, "Ah, kwa hivyo mto waleta udongo mvua ikinyesha, na Watamu maji ni safi?" na aongeza swali la pili. Hilo la pili! Lile ambalo hutwangusha. Wajibu tena ukiwa tayari umesikia sentensi yako ilivyotakiwa kuwa, na bila kujua waitumia. Nlisikiliza voisi zangu za mwanzo juzi nikazima simu kwa aibu, lakini ndo raha yake, zimekaa pale wajisikia ulivyokuwa.

Kulikuwa na usiku mwingine wa saa. Hili halimo kwenye tableti kabisa, tableti yaonyesha uso wa saa, mishale iko wapi, gonga, kwisha. Haijui kwamba sisi saa moja asubuhi ndo wao saba, na mtu anayefikiria kwa Kiswahili akitafsiri kwa haraka atamwambia mgeni aje saa ambayo mashua ishaondoka na kurudi. Halafu kuna la maji. Maji hayajai saa ileile kila siku, yasogea kama dakika 50, kwa hivyo safari ya marine park leo ni mapema na kesho ni kuchelewa kidogo, na mgeni aona hawa watu hawana mpango. Ticha akauliza kama mgeni aliyekasirika, mbona jana mliniambia saa mbili na leo wasema karibu saa tatu, mwanitapeli? Kapteni wetu mzee akaanza kujibu asoma kwenye karatasi, wasikia kabisa karatasi yasugua maiki. Ticha akamrudishia, "Baba, karatasi weka chini, mie ndo mgeni, nimekasirika, nijibu." Na mzee naye, kwa Kiswahili, "Haya mwanangu, ngoja nivue miwani kwanza." Kisha akajibu. Akaeleza mwezi, akaeleza maji, na akamalizia ati bahari ndiyo bosi. Hiyo sentensi sasa makapteni wote waitumia na wageni waipenda kweli.

Gharama yake? Voisi ya dakika moja haifiki hata MB moja. Mama wa vikoi anunua bando ile ndogo kabisa na yatosha wiki. Linganisha na vidio za tableti ambazo zikikwama waifai ya darasa yalia. Voisi noti ziko WhatsApp toka 2013, si teknolojia mpya ya kutangazia mtu, na labda ndo maana kwenye bango lao chini mlangoni wamechora tableti kubwa na grupu haijatajwa popote. Nlimuuliza kijana wa ofisi, mbona msifungue grupu peke yake kwa bei ndogo, akanambia wateja waja kwa sababu ya tableti. Sikumbishia sana, hata mie ndizo zilinipandisha ngazi.

Mengine napita haraka. Jumamosi kuna zamu ya zile roboti za kuchati zilizoenea toka mwisho wa 2022, wamwambia kwa Kiingereza wewe ni mgeni umefika usiku umechoka, AC haifanyi kazi, ongea nami. Kwa mtu wa risepsheni ni zuri sana, naweza kufanya nikiwa zamu ya usiku hamna mtu, na haichoki kuulizwa. Ila usipoiambia iwe na hasira yakuwa mgeni mpole kupita kiasi, yaomba samahani yenyewe kwa AC yetu mbovu, wageni hao sijakutana nao mie. Na msiiulize mambo ya Malindi, ilitupa hoteli ambayo haipo na ikaieleza mpaka rangi ya mapazia.

Programu ya kutafsiri tuliambiwa tuitumie kwa meseji ndefu tu na tuisome tena kabla ya kutuma. Mie nlishaona sababu kazini, Kiswahili ukisema "amefika" hakisemi mume ama mke, mashine yachagua yenyewe, mama wa Kijerumani akaandikiwa kama bwana.

Ticha pia alitupa kazi ya kusikiliza "6 Minute English" ya BBC Learning English. Hawa wamefundisha Kiingereza hewani toka 1943, wazijua kazi zao, na maandishi yake yapo wasoma huku wasikiliza. Kipindi ni kifupi, waweza kukisikiliza ukingoja matatu. Ukikichezea YouTube punguza spidi mpaka 0.75, hamna anayekuona. Wanaopenda Duolingo, ile programu ya kujifunza lugha, ni ya 2012, imetengenezwa kama gemu na kwa kukufanya urudi kila siku hakuna inayoishinda. Mie faida niliyoipata nayo ni ya kinyume, kuna wageni wamejifunza Kiswahili humo, kozi iko toka 2017, waja mezani wanisalimia kwa Kiswahili nami nawajibu kwa Kiingereza, kila mtu afanya mazoezi kwa mwenzake. Kwa maneno ya kukariri mie nimeshikilia programu ya Anki, kwenye Android ni bure na yafanya kazi bila intaneti, iPhone ndo walipia. Yakurudishia neno siku unayokaribia kulisahau. Nimeweka maneno yangu mwenyewe, bomba limeziba, neti ya mbu imetoboka, jenereta, kukatwa kwenye kadi mara mbili. Hakuna theluji.

Kwa hivyo nani ajiunge. Kama wewe tayari wasoma na kuandika Kiingereza na tatizo ni mdomo, jiunge, vumilia tableti, ishi kwenye grupu. Kama wataka mtoto wako ajifunze, usimpeleke hapa, mafunzo yote ni ya wageni na hoteli, na watoto wa shule walishaanza kupelekewa tableti na serikali toka 2016, sisi wakubwa ndo tulioachwa. Kama hujui kusoma vizuri, kama alivyokuwa mama wa vikoi, zungumza na ticha kando kabla ya kulipa, maana tableti yadhani kila mtu asoma na yeye zile jioni za mwanzo alikuwa akigonga kwa kubahatisha tu, ting ikilia amwangalia jirani. Kwenye grupu ndiye anayeongoza sasa. Usiku wa swali la bei alibishana na ticha voisi saba mfululizo, ticha akiwa mgeni asiyetaka kununua, na mwisho ticha akanunua vikoi viwili vya kweli.

Nyota: tableti mbili, hedifoni moja na hiyo ni kwa huruma, grupu tano, ticha ningempa sita kama zingekuwepo. Ile 500 ya kuhudumia tableti ulizeni mapema na mdai risiti, mie nimepewa risiti ya 3,000 peke yake. Darasa jipya waandikisha kabla ya wageni wa Julai na Agosti hawajaanza kuja. Mie zamu zitakuwa zishaanza sitaweza kupanda ghorofani tena, nimeomba nibaki kwenye grupu kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ticha amekubali, mwenyewe bado yuko Mombasa.